Nyumba ya Barabara ya Chitpur: Brahmo Samaj Kuelekea Miaka 200

Tarehe 8 Januari 1830, mjini Calcutta, ilitiwa saini hati ya wakfu. Kiwanja kimoja pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake, kando ya Barabara ya Chitpur katika mtaa wa Jorasanko, kilikabidhiwa kwa wadhamini watatu. Hati yenyewe ni ndefu na imeandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili, lakini masharti yake hayana fumbo. Nyumba iwe wazi kwa watu wa kila aina bila ubaguzi, mradi waje kwa adabu kumwabudu Mungu mmoja wa milele, asiyechunguzika wala kubadilika, Muumba na Mlinzi wa ulimwengu. Asiitwe humo kwa jina ambalo kundi fulani la watu limelifanya kuwa lao peke yao. Isiingizwe sanamu, mchongo wala picha. Asichinjwe mnyama, isitolewe kafara. Pasiwe na kula wala kunywa, isipokuwa kama mtu amepatwa na ajali na maisha yake yanahitaji kuokolewa. Na kitu chochote kinachoabudiwa na watu wengine, kiwe na uhai au kisiwe nao, kisitajwe humo kwa dharau wala kejeli.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonifanya niipende hati hii. Walioiandika walikuwa watu waliozikataa sanamu za wazee wao, na kwa kuzikataa walitukanwa magazetini na kutengwa na ndugu. Wamisionari wa Serampore, mwendo mfupi kupanda mto kutoka Calcutta, walikuwa wakichapa vijitabu vya kuiponda dini ya Wahindu. Wanazuoni wa Kihindu nao walikuwa wakichapa majibu makali. Katikati ya vita hivyo vya karatasi, kundi hili dogo lilijifunga kisheria kwamba ndani ya nyumba yake hakuna mungu wa mtu atakayedhihakiwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya jumuiya iliyoanza mikutano yake tarehe 20 Agosti 1828 katika chumba cha kupanga kwenye barabara hiyohiyo, nyumbani kwa Kamal Lochan Bose. Wakati huo iliitwa Brahmo Sabha. Baadaye jina likatulia kuwa Brahmo Samaj. Agosti 2028 inatimiza miaka 200. Wanaoiadhimisha kwa kawaida huanza na majina makubwa iliyoyatoa, na kweli ni makubwa. Mimi naona historia yake ya ndani imeandikwa majumbani. Imani ya Mungu mmoja, usawa wa watu na heshima ya mwanamke vilikubaliwa mapema kwenye mimbari. Kilichoitikisa jumuiya hii, ikapasuka mara mbili, ni uzi anaouvaa kifuani Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, na ndoa ya binti wa kiongozi.

Mwasisi wake, Rammohun Roy, alizaliwa katika kijiji cha Radhanagar, Bengal, mwaka 1772 kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, katika familia ya Mabrahmani iliyowatumikia watawala Waislamu kwa vizazi kadhaa. Ndiyo maana masomo yake ya mwanzo yalikuwa ya Kiajemi na Kiarabu, na Kisanskriti kikaja baadaye. Kitabu chake cha kwanza kinachojulikana, kilichotoka karibu na mwaka 1804, kilikuwa cha Kiajemi chenye dibaji ya Kiarabu, na kinaitwa Tuhfat-ul-Muwahhidin, yaani zawadi kwa watu wa tauhidi. Msomaji wa pwani yetu anayejua uzito wa neno tauhidi ataelewa mara moja jinsi Mhindu huyu alivyosoma. Alimsoma Mungu mmoja kwa hoja za wanazuoni wa Kiislamu kwanza, ndipo akarudi kwenye Upanishad, maandiko ya kale ya watu wake, akamkuta humo vilevile.

Alifanya kazi katika utawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, hasa huko Rangpur chini ya ofisa aliyeitwa John Digby, akapata mali, akahamia Calcutta karibu na 1815. Mwaka huohuo alianzisha baraza dogo la marafiki, Atmiya Sabha, akaanza kutafsiri Upanishad kwa Kibengali na Kiingereza. Jambo hili liliwaudhi watu kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Maandiko yaliyokuwa yamefungiwa katika Kisanskriti, mikononi mwa Mabrahmani, sasa yalikuwa yanauzwa madukani katika lugha ambayo hata muuza samaki anaisikia. Mwaka 1820 akatoa kitabu cha mafundisho ya Yesu, akiwa ameacha miujiza na utatu. Safari hii waliokasirika walikuwa wamisionari, na Joshua Marshman wa Serampore akabishana naye kwa miaka. Mmisionari mmoja Mbatisti, William Adam, aliyekuwa akishirikiana naye katika tafsiri ya Injili, alishindwa kuutetea utatu mbele ya hoja zake, akauacha kabisa mwaka 1821.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane hadi London lilikuwa wajane.

Katika baadhi ya koo za Wahindu, hasa za tabaka la juu, mjane alipandishwa juu ya kuni alikolazwa maiti ya mumewe, akachomwa hai. Desturi hiyo iliitwa sati. Kampuni, iliyoogopa kugusa dini ya raia, iliishia kuweka taratibu: polisi wahakikishe mjane amekubali mwenyewe, hana mimba, hakuleweshwa. Tangu 1815 maofisa walianza kuhesabu. Mwaka 1818 peke yake, katika eneo la utawala wa Bengal, waliandika 839. Kuanzia 1815 hadi 1828 jumla yao ilikuwa 8,134, na hao ni wale tu waliofika kwenye daftari. Wengi wao walikuwa wa Calcutta na wilaya zake za jirani, chini ya pua ya serikali yenyewe.

Rammohun alichapa kijitabu chake cha kwanza dhidi ya sati mwaka 1818, kwa muundo wa mazungumzo kati ya anayeitetea desturi na anayeipinga. Hoja yake kuu ilikuwa ya kisheria: maandiko yanayoheshimika zaidi yanamtaka mjane aishi maisha ya uchaji, hayamwamuru kufa. Hakuishia hapo. Katika kijitabu cha pili anamkabili yule anayedai kwamba wanawake wana akili finyu, anamuuliza ni lini walipewa elimu ili akili zao zipimwe. Na mwaka 1822 aliandika juu ya mirathi, jambo ambalo wapinzani wake wengi walitamani asiliguse. Alionyesha jinsi haki za kale za wanawake katika mali ya marehemu zilivyopunguzwa kidogo kidogo na wafasiri wa sheria wa zama za baadaye, na jinsi wanaume wa koo za juu walivyooa wake wengi kwa tamaa ya mahari, wakawaacha kwa wazazi wao. Mjane asiye na fungu alibakiwa na njia chache sana za kuishi, nazo zote zilikuwa za udhalili. Naiona sehemu hii ya kazi yake kuwa bora kupita zote, kwa sababu inautafuta moto huo ulikoanzia, ndani ya mahesabu ya familia.

Kuna jambo ambalo maadhimisho mengi hulipita haraka. Gavana Mkuu William Bentinck alipomwomba ushauri mwaka 1829, Rammohun alimwambia asipige marufuku moja kwa moja. Aibane desturi kimyakimya kwa masharti na polisi mpaka ife. Aliogopa raia wangesema Waingereza wameanza kuwalazimisha dini yao. Bentinck hakumfuata. Tarehe 4 Desemba 1829 alitia saini Sheria ya 17, na sati ikawa kosa la jinai. Rammohun, baada ya sheria kutoka, aliisimamia kwa nguvu zote. Mabadiliko hayo hayampunguzii heshima. Alikuwa akipima hatari ya kweli, na alipoona mlango umefunguliwa aliingia.

Januari 1830 ikawa na shughuli isiyo ya kawaida. Tarehe 8 hati ya wakfu ikatiwa saini. Tarehe 16 Rammohun na wenzake wakaenda kumpa Gavana shukrani za maandishi kwa sheria ya sati. Siku iliyofuata wapinzani, wakiwa pamoja na Radhakanta Deb, tajiri na msomi mkubwa wa Calcutta, wakaunda Dharma Sabha ili kuipinga sheria hiyo hadi kwa Mfalme. Tarehe 23, siku ya 11 ya mwezi wa Magh katika kalenda ya Kibengali, nyumba mpya ikafunguliwa rasmi mbele ya Wahindu wapatao 500, na wanazuoni wa Kibrahmani waliohudhuria wakapewa sadaka ya fedha kama ilivyokuwa desturi. Hadi leo wafuasi husherehekea siku hiyo kwa jina la Maghotsav. Ni haki kusema pia kwamba Radhakanta Deb, aliyeitetea sati kama haki ya dini, alikuwa mtetezi wa elimu ya wasichana. Wanaomgawa kila mtu wa zama zile kuwa wa mwanga au wa giza hawajaisoma Calcutta vizuri.

Ibada yenyewe ilikuwaje? Mwanzoni walikutana Jumamosi jioni. Mabrahmani wawili wa Kitelugu walighani Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Utsavananda akasoma Upanishad kwa Kisanskriti. Ramchandra Vidyabagish, mwalimu wa kwanza wa jumuiya, akafafanua kwa Kibengali, kisha zikafuata nyimbo. Waimbaji walikuwa ndugu wawili, Krishna na Bishnu Chakrabarti, na ngoma ilipigwa na Mwislamu aliyeitwa Ghulam Abbas. Kwa Calcutta ya 1828 hilo lilikuwa jambo la kutazamwa mara mbili. Lakini tazama na upande wa pili: Veda zilighaniwa katika chumba cha pembeni ambamo asiye Mbrahmani hakuruhusiwa kuingia. Hati ilifungua nyumba kwa kila mtu, na ndani ya nyumba kulibaki ukuta.

Rammohun mwenyewe hakuuvuka ukuta huo wote. Novemba 1830 alipanda meli kwenda Uingereza, akiwa na hadhi ya Raja aliyopewa na mfalme wa Kimughal, na akabeba maombi ya kuitetea sheria ya sati. Julai 1832 Baraza la Faragha la Mfalme lilitupa rufaa ya Dharma Sabha. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Septemba 1833, alifariki Bristol. Mwilini mwake ulikutwa uzi mtakatifu wa Mabrahmani. Aliuvaa hadi mwisho, kwa hadhari kwamba akihesabiwa kuwa ametoka kwenye tabaka lake, wanawe wangeweza kunyang'anywa urithi. Miaka 10 baadaye rafiki yake Dwarkanath Tagore alisimamia kuhamishwa kwa mabaki yake hadi makaburi ya Arnos Vale mjini humo, na kaburi lenye mwamvuli wa mawe kwa mtindo wa Kihindi bado linatembelewa.

Baada ya hapo jumuiya ilibaki jina. Dwarkanath, mfanyabiashara mkubwa wa zama zake, alilipa gharama za kila mwezi, na Ramchandra Vidyabagish akaendelea kufundisha hata wiki ambazo wasikilizaji hawakutimia watu wa kujaza mkeka mmoja. Sioni kwamba mzee huyu amepewa heshima anayostahili. Kwa miaka karibu 10 aliishikilia kazi ambayo wenye majina walikuwa wameiacha.

Aliyeifufua alikuwa Debendranath, mwana wa Dwarkanath, kijana aliyesoma katika shule ya Rammohun. Anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba, akiwa bado anahangaika na maswali ya dini, aliona karatasi iliyochanika kutoka kitabu cha Kisanskriti ikipeperuka mbele yake. Aliiokota, hakuielewa, naye alikuwa na haraka ya kwenda kazini benki. Baadaye akaitiwa Vidyabagish, aliyeitambua: ni Isha Upanishad, kutoka katika vitabu vilevile alivyovichapa Rammohun. Oktoba 1839 Debendranath alianzisha Tattvabodhini Sabha, chama cha kutafuta ukweli wa dini, na 1842 chama hicho kikachukua usimamizi wa Brahmo Samaj. Alipofika alikuta Veda bado zinasomwa faraghani, na mhubiri akieleza kutoka mimbari hiyohiyo habari za mungu kushuka duniani kwa umbo la Rama. Alikomesha yote mawili. Tarehe 21 Desemba 1843, yeye na wenzake 20 walikula kiapo mbele ya Vidyabagish kwamba watamwabudu Mungu mmoja. Tangu siku hiyo kukawa na watu wanaojiita Mabrahmo. Kabla yake kulikuwa na wahudhuriaji tu.

Gazeti la Tattvabodhini, lililoanza Agosti 1843 chini ya mhariri Akshay Kumar Datta, lilichapa dini, sayansi, historia na habari za unyonyaji wa wakulima kwa Kibengali safi, na nathari ya lugha hiyo ilikua mikononi mwake. Akshay Kumar ndiye aliyembana Debendranath kwa swali gumu: je, Veda hazina kosa? Debendranath alikuwa amewapeleka vijana wanne Benares kuzisoma Veda zote nne. Waliporudi, na baada ya mabishano marefu, jumuiya ilikubali karibu na 1850 kwamba hakuna kitabu kisicho na kosa, na kwamba mwongozo wa mwisho ni dhamiri iliyosafishwa. Kwa chama cha kidini kuamua jambo kama hilo kwa majadiliano, bila mtu kufukuzwa, ni tukio la nadra popote.

Mtihani wa Debendranath ulikuja kwa msiba. Dwarkanath alifariki London mwaka 1846, na mwana mkubwa alitakiwa kumfanyia baba ibada ya shraddha kwa taratibu za kale. Alikataa kuifanya mbele ya sanamu, akaandaa yake kwa maneno ya Upanishad. Ndugu wengi wakamsusa. Mwanzoni mwa 1848 benki iliyohusiana na biashara za familia, Union Bank, ikaanguka na kampuni ya baba ikaanguka nayo. Sehemu ya mashamba ilikuwa imewekwa katika wakfu ambao wadai wasingeweza kuugusa kisheria. Debendranath aliwaambia wadai kwamba hata hayo yatatumika, akapunguza matumizi ya nyumba na kulipa madeni ya baba yake kwa miaka mingi. Watu wakaanza kumwita Maharshi, mwonaji mkuu.

Lakini juu ya tabaka alikuwa mzito. Mwaka 1857 alijiunga kijana Keshub Chandra Sen, mwenye umri wa karibu miaka 19, msemaji ambaye Calcutta haikuwahi kumsikia mfano wake. Debendranath alimpenda kama mwanawe, na 1862 akamfanya mwalimu mkuu ingawa hakuwa Mbrahmani. Keshub na vijana wenzake walitaka wahubiri wavue uzi, watu wa matabaka tofauti waoane, wajane waolewe. Sheria ya kuruhusu wajane kuolewa tena ilikuwepo tangu 1856 kwa juhudi za Ishwar Chandra Vidyasagar, lakini waliothubutu kuitumia walihesabika. Debendranath alikubali, hata mwenyewe akauvua uzi, kisha akasita. Oktoba 1864 kimbunga kikubwa kiliipiga Calcutta na kuharibu jengo la Chitpur, ikabidi ibada ihamie nyumbani kwake. Vijana walipofika, walikuta wahubiri wa zamani, wenye uzi mabegani, wameshakalishwa mimbarini na ibada imeanza. Wengine walitoka saa hiyohiyo.

Mgawanyiko ukakamilika Novemba 1866. Keshub akaunda Brahmo Samaj ya India, na jumuiya ya Debendranath ikaitwa Adi, yaani ya asili. Mwaka 1873 Debendranath alimvika uzi mwanawe mdogo, mtoto aliyeitwa Rabindranath.

Miaka 10 iliyofuata mgawanyiko huo ilikuwa ya Keshub. Alikuwa ameshazunguka Bombay na Madras mwaka 1864, na huko Bombay wasomi wakaanzisha Prarthana Samaj mwaka 1867. Mwaka 1870 alikwenda Uingereza akapokewa na Malkia Victoria. Aliporudi akaanzisha gazeti la pesa moja kwa ajili ya watu wa kawaida, shule ya jioni ya mafundi na kampeni dhidi ya pombe. Dayananda Saraswati, mtawa kutoka Gujarat aliyefika Calcutta mwishoni mwa 1872, alishauriwa na Keshub aache kuhutubia kwa Kisanskriti, atumie Kihindi. Alikubali, na 1875 akaanzisha Arya Samaj mjini Bombay. Jumuiya hiyo iliiona Veda kuwa haina kosa, kinyume kabisa na Mabrahmo, na ndiyo iliyovuka bahari kuja kwetu: tawi la Nairobi lilianza 1903.

Jambo kubwa zaidi alilolipigania Keshub lilikuwa sheria ya ndoa. Mabrahmo walioana bila sanamu na bila moto mtakatifu, na mawakili wakasema ndoa hizo hazina nguvu kisheria. Keshub aliwaandikia madaktari wa Calcutta, Wazungu na Wahindi, akiwauliza ni umri gani msichana anafaa kuolewa. Majibu yao yalitofautiana, lakini karibu wote waliutaka umri mkubwa kuliko desturi. Machi 1872 ikapitishwa Sheria ya 3: mke mmoja tu, mume asiwe chini ya miaka 18, mke asiwe chini ya 14. Adi Samaj ilikataa sheria hiyo kupewa jina la Brahmo, na serikali ikaweka sharti chungu: wanaoitumia watamke kwamba hawafuati dini ya Uhindu wala nyingine iliyotajwa. Wengi walitamka kwa moyo mzito.

Miaka 6 baadaye, tarehe 6 Machi 1878, Suniti, binti wa Keshub, aliolewa na Maharaja wa Cooch Behar. Bibi harusi hakuwa ametimiza miaka 14. Bwana harusi alikuwa na 15. Serikali ya Kiingereza, iliyotaka kijana huyo apate mke aliyesoma kabla ya kusafiri Ulaya, ilisukuma ndoa hiyo, na katika himaya ya Maharaja Sheria ya 3 haikutumika. Makuhani wa Kibrahmani waliiendesha sherehe, na Keshub hakuruhusiwa kuiongoza ndoa ya mwanawe. Alipoulizwa, alisema alitii amri ya Mungu moyoni mwake.

Sina shaka kwamba Keshub aliamini alichosema, na sina shaka pia kwamba alikosea. Kulikuwa na baba waliokwishawakatalia wakwe matajiri ili kuifuata sheria yake. Kulikuwa na wasichana waliobaki shuleni kwa sababu yake. Tarehe 15 Mei 1878, katika mkutano wa hadhara kwenye Town Hall ya Calcutta, wengi waliokuwa naye walitoka na kuunda Sadharan Brahmo Samaj, jumuiya ya watu wote. Shivanath Shastri alikuwa sauti yao, na Ananda Mohan Bose, aliyekuwa amefuzu hisabati kwa daraja la juu kabisa Cambridge, akawa rais wa kwanza. Kwa kuwa waliumizwa na kiongozi aliyesikia amri za Mungu peke yake, wao waliandika katiba: kamati ya kuchaguliwa, hesabu za fedha wazi, hakuna mwalimu wa maisha. Jengo lao la Barabara ya Cornwallis lilifunguliwa Januari 1881.

Katika kundi hili ndipo alipotoka Kadambini Basu, binti wa mwalimu mkuu Mbrahmo wa Bhagalpur. Yeye na Chandramukhi Basu, Mkristo, walikuwa wanawake wa kwanza kupata shahada ya Chuo Kikuu cha Calcutta, kupitia chuo cha Bethune. Mwaka 1883 aliolewa na Dwarkanath Ganguly, aliyekuwa amempigania aruhusiwe kufanya mtihani, akaingia chuo cha udaktari, na kufikia 1886 alikuwa na kibali cha kutibu. Gazeti moja la wapenda desturi, Bangabasi, lilimwita malaya mwaka 1891 kwa sababu anatoka usiku kwenda kwa wagonjwa. Kadambini hakunyamaza, kesi ikafunguliwa, na mhariri akafungwa miezi 6 na kutozwa faini ya rupia 100. Kisha akasafiri hadi Scotland kuongeza masomo, akirudi na leseni tatu za udaktari, na watoto wakimngoja nyumbani.

Keshub naye hakuwa ndoa hiyo tu. Yeye, aliyefariki 1884, alikuwa amewapangia mapema wanafunzi wake dini za kusoma kwa kina: mmoja Uhindu, mmoja Ukristo, mmoja Ubudha. Uislamu ukamwangukia Girish Chandra Sen, mtu wa Bengal ya mashariki aliyejua Kiajemi lakini si Kiarabu. Mwaka 1876, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, Girish alikwenda Lucknow kukaa chini ya maalimu kama mwanafunzi. Kuanzia 1881 hadi 1886 alichapa, sehemu baada ya sehemu, tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kibengali, na mwanzoni hakuweka jina lake. Baadhi ya masheikh wa Bengal walimwandikia barua za kumsifu. Lile sharti la 1830, kwamba kinachoabudiwa na mwenzio kisitajwe kwa dharau, mtu mmoja alilichukua akalifanyia kazi miaka kumi.

Yule mtoto aliyevikwa uzi mwaka 1873 alikuja kuwa katibu wa Adi Samaj mwaka 1884 na kuitungia mamia ya nyimbo za ibada. Wimbo wake mmoja ulichapwa katika gazeti la Tattvabodhini Januari 1912, ukaimbwa pia kwenye Maghotsav ya mwaka huo. Tangu 1950 ubeti wake wa kwanza ni wimbo wa taifa wa India.

Wafuasi leo ni wachache sana, Kolkata (Calcutta ya zamani) na kwingineko India, na Dhaka, ambako jumuiya ilianza 1846. Lakini Sheria ya 3 iliendelea na safari yake. Mwaka 1923 ilirekebishwa ili Wahindu, Mabudha, Masingasinga na Wajaini waweze kuoana chini yake bila kuikana dini yao. Mwaka 1954 India huru iliandika Sheria mpya ya Ndoa Maalumu mahali pake, wazi kwa raia wa dini yoyote. Wachumba wa Kolkata, mmoja Mwislamu na mwenzake Mhindu, wanaotaka kuoana bila yeyote kubadili dini, huenda kwa msajili, hubandikiwa tangazo ofisini kwa siku 30 ili mwenye pingamizi alilete, kisha hutia saini mbele ya mashahidi watatu. Tangazo hilo la siku 30 sasa linapingwa na wengi nchini humo, kwa sababu familia zenye hasira huyasoma majina ukutani na kuwafuata wachumba kabla siku hazijaisha.